Mkutubi, Mama Desai na mikataba ya usafi

Katika hospitali ninayofanya usafi, kaskazini magharibi mwa London, kila mfanyakazi hupitishwa kozi ya kompyuta kuhusu ubaguzi wa rangi. Unakaa kwenye chumba kidogo karibu na stoo, unasoma kisa cha mtu aliyemtania mwenzake nywele zake, unachagua jibu moja kati ya matatu, unabonyeza, unaendelea. Ukimaliza unapata cheti, kisha unarudi wodini kupiga deki. Wauguzi na makarani walioajiriwa na hospitali yenyewe wakiugua, mshahara wao unaendelea. Sisi wa usafi, pamoja na walinzi na wanaosukuma vitanda, tuko chini ya mkandarasi, na wakati naanza kazi hii ukiugua siku tatu za mwanzo ulikuwa hupati hata senti. Sasa pita korido zile saa kumi na moja alfajiri uangalie sura. Walio chini ya mkandarasi ni Waghana, Wasomali, Wafilipino, Wakolombia, Wanigeria, na sisi Waswahili wachache tuliokuja kubeba boksi. Wasimamizi na wasafishaji, wote tumeshafaulu ile kozi. Mkataba haujabadilika hata nukta.

Ukitaka kuujua ubaguzi wa jengo lile, uliza nani yuko kwenye mkataba upi. Swali hilo nimelirithi kwa watu waliolilipia gharama kubwa, na leo nataka kuwaandika, kwa sababu vijana wetu wengi hapa wanadhani fikra za kupinga ubaguzi zilianza mwaka 2020 kwenye simu zao, au zilianzia chuo kikuu. Mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, nasoma baada ya zamu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba fikra zenye nguvu kuhusu ubaguzi katika nchi hii zilitengenezwa kwenye milango ya viwanda, mbele ya vituo vya polisi na mahakamani. Waandishi walikuja nyuma yake, na walio bora kati yao walikuwa wameshasimama pale langoni.

Wa kwanza ninayemtaja ni mzee wa Kitamil ambaye sikuwahi kumwona. Ambalavaner Sivanandan alizaliwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1923, akaja London mwaka 1958 baada ya Watamil kushambuliwa kwao. Alifika mwaka uleule vijana wa Kizungu walipokuwa wakiwawinda watu wa Karibi mitaa ya Notting Hill. Mwaka 1964 akapata kazi ya ukutubi Institute of Race Relations, taasisi ya kuchunguza mahusiano ya rangi. Ilikuwa taasisi ya wakubwa. Ofisi zake zilikuwa West End, bodi yake ilikuwa na watu wa makampuni na wa siasa, na tafiti zake ziliwatazama wahamiaji kama tatizo la kupimwa ili serikali ijue la kufanya nao. Wafanyakazi wa taasisi yenyewe wakaanza kuhoji: kwa nini tunamchunguza anayebaguliwa, na anayebagua tunamwacha? Bodi haikupenda. Mwaka 1972 suala likapelekwa kwa wanachama, wanachama wakapiga kura upande wa wafanyakazi. Wakubwa wakajiuzulu, fedha nyingi zikaondoka pamoja nao, taasisi ikahamia Pentonville Road karibu na King's Cross, na mkutubi akawa mkurugenzi.

Napenda kwamba alikuwa mkutubi. Alikuwa amekaa miaka na vitabu vyote alivyohitaji, na bado alichoona kinamfundisha zaidi ni watu waliokuwa wakigoma na kupigwa virungu. Msimamo wake ulikuwa kwamba wanaoandikiwa wawe ndio haohao wanaopiganiwa. Na alitofautisha mambo mawili ambayo kozi yetu ya kompyuta inayachanganya. Chuki iliyomo kichwani mwa mtu, alisema, si shughuli yake. Inakuwa shughuli yake chuki hiyo inapopata sheria, polisi, ofisi ya uhamiaji au mkataba wa ajira wa kuitumikia. Hapo ndipo inapovunja maisha ya watu, hata kama anayesaini makaratasi ni mtu mpole asiye na neno baya kwa yeyote.

Nilimwelewa vizuri zaidi nilipousoma mgomo wa Grunwick, ambao ulitokea Willesden, vituo vichache tu kutoka ninapokaa. Shuka Dollis Hill, pita Chapter Road, utaiona michoro ya ukutani iliyozinduliwa mwaka 2017: kina mama wa Kihindi wamevaa sari na makoti mazito, wameshika mabango. Mswahili anapaswa kuwatazama vizuri, kwa sababu wengi wao walitoka kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania.

Grunwick ilikuwa kiwanda cha kusafisha picha. Zama zile za filamu, familia ikirudi likizo inatia filamu ndani ya bahasha pamoja na malipo, inaiposti, na baada ya siku kadhaa picha zinarudi kwa posta. Kwenye chumba cha barua kina mama walikaa kufungua bahasha, kuandika majina, kufungasha na kutuma. Majira ya joto, kila mtu anapokwenda likizo, mafurushi yalifurika na ovataimu ikawa ya lazima. Unaambiwa jioni ileile, watoto wako nyumbani wanakusubiri. Kwenda chooni unaomba ruhusa mbele ya wenzako. Kwa mama wa Kigujarati aliyelelewa kwa staha, kuinua mkono mbele ya wanaume na kutaja choo ni fedheha ambayo hakuna fedha ya kuifidia.

Tarehe 20 Agosti 1976, siku ya Ijumaa, kijana mmoja, Devshi Bhudia, alifukuzwa kazi, na wenzake watatu wakatoka naye. Jioni hiyo Jayaben Desai alikuwa anajiandaa kwenda nyumbani, akaambiwa abaki. Alikuwa mwanamke mfupi, hakufika futi tano, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanzania kabla ya kuja Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Alichukua koti lake. Alimwambia meneja kwamba anachoendesha si kiwanda, ni bustani ya wanyama, na kwenye bustani ya wanyama wapo nyani wanaocheza kwenye ncha za vidole vyako, na wapo simba wanaoweza kukung'oa kichwa. Sisi ndio simba, Bwana Meneja. Akatoka na mwanawe.

Hawakuwa na chama. Walielekezwa, wakajiunga na chama cha APEX, na idadi yao ikafika 137. Kampuni ikawafukuza wote. Na hapa ndipo kozi ya kompyuta ingekwama kabisa, maana mwenye kiwanda, George Ward, alizaliwa New Delhi na alikuwa na damu ya Kihindi na ya Kizungu. Utamfundisha nini mtu huyo kuhusu moyo wake? Swali lenye jibu ni jingine: kwa nini wanawake wenye elimu, wengine wakiwa wameshika kalamu na kuendesha maduka Afrika, walikubali mshahara ule na masharti yale? Walikubali kwa sababu walikuwa wahamiaji wa rangi, milango mingine ilikuwa imefungwa, na mwenye kiwanda alilijua hilo. Sheria ilikuwa imeanza kuifunga milango kabla hata hawajapanda ndege. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza, kwa kudai mtu awe na mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza. Haikutaja rangi hata mara moja.

Wagomaji waligundua kwamba kiwanda kile kinapumua kwa posta. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood wakakubali kutogusa barua za Grunwick, kwanza Novemba 1976, kisha tena kiangazi cha 1977, na safari hii ya pili walisimamishwa kazi kwa ajili ya watu ambao hawakuwa hata chama kimoja nao. Tarehe 11 Julai 1977 watu wapatao 20,000 walijaa mitaa ile midogo. Wachimba makaa wa Yorkshire walikuja kwa mabasi. Makuli wa bandari ya London walikuja na bendera yao. Hilo la makuli mimi hulisoma mara mbili mbili, kwa sababu mwaka 1968 makuli wa London waliandamana hadi Bungeni kumuunga mkono Enoch Powell, mwanasiasa aliyetaka watu kama Jayaben warudishwe makwao. Miaka tisa baadaye wenzao wa bandari ileile wanasimama upande wa mwanamke wa sari. Hakuna aliyewapeleka semina. Kilichowafikisha pale ni kazi ya viongozi wachache wa ngazi ya chini waliobishana na wenzao kwenye magati miaka yote hiyo, na ni mgomo wenyewe, ambao uliwaonyesha kwamba bosi anayemvunja huyu leo atamvunja yule kesho.

Mgomo ulishindwa. Lazima niseme hivyo, maana kuna tabia ya kuupamba. Kundi moja la mrengo wa kulia, likishirikiana na mwenye kiwanda, lilizitorosha barua kiwandani usiku wa manane na kwenda kuziposti sehemu nyingine za nchi. Tume ya Jaji Scarman ilipendekeza wagomaji warudishwe kazini, mwenye kiwanda akakataa, na Mahakama ya juu ya Mabwana (House of Lords) ikampa ushindi kwenye kesi ya kutambua chama. Vyama vikubwa vikaanza kurudi nyuma. Novemba 1977 Jayaben na wenzake walikaa wakafunga kula mbele ya makao makuu ya shirikisho la vyama, TUC, na chama chao wenyewe kikawasimamisha uanachama. Alisema msaada wa TUC ni kama asali kwenye kiwiko: unaiona, unaisikia harufu, ila huwezi kuionja. Mgomo ukafungwa Julai 1978.

Sivanandan aliliona hili likija. Aliandika kwamba vyama vilipouchukua mgomo viliugeuza kuwa kesi ya haki ya kuwa na chama, na lile la ubaguzi likazama, wakati ndilo lililowatoa kina mama nje. Naamini alikuwa sahihi, na naliona kila siku kwenye kazi yangu. Viongozi wa mkoa wakija husema, tuzungumze mshahara, mambo ya rangi yatatugawa. Lakini wodini tayari tumegawanywa, na mgawanyo huo umeandikwa kwenye karatasi ya mkataba.

Kuna mama mmoja jirani yangu hapa Wembley, Mgujarati mzaliwa wa Dar es Salaam. Enzi za Grunwick alikuwa akifanya kazi kiwanda kingine, na akitoka zamu alikwenda kusimama na wagomaji. Kiswahili chake ni cha Kariakoo kabisa. Hukutana naye kituo cha basi nikitoka usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelala wewe kweli?"

Siku moja nilimuuliza alijifunza nini langoni. Nilitegemea atanisimulia polisi na farasi. Akasema: "Kwetu Upanga tulikuwa na boi. Alikula nyuma, sahani yake ya bati, hakuna mtu mwingine aliigusa. Alitulea sote. Mimi sikulijua jina la baba yake. Halafu nimefika hapa, msimamizi ananiita kwa kidole. Nilikuwa nasimama pale na mabango, namkumbuka yule boi."

Nilimwambia mama yangu mdogo alikuwa yaya kwa familia ya Kihindi mjini Tanga. Akanyamaza kidogo, akauliza sahani yake ilikuwa ya nini. Nikamwambia, ya bati.

Mazungumzo kama yale hayapo kwenye kozi, na hayapo kwenye mabango pia. Mkoloni alipanga Afrika Mashariki kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, shule mbali, hospitali mbali, mishahara mbali. Aliyewekwa katikati alipata duka, na akapata kazi ya kubeba hasira za walio chini kwa niaba ya aliye juu. Mwaka 1971 Tanzania ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000; sheria haikumtaja Mhindi, ila nyumba nyingi zilikuwa zao, na ya baba wa mama huyu ilikuwemo. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Mwalimu Nyerere aliikemea hatua ile hadharani kuwa ni ubaguzi wa rangi, na nina fahari kwamba alisema wakati viongozi wengi wa Afrika walikaa kimya. Uchungu wa Mwafrika dhidi ya ngazi ile ulikuwa wa haki. Kumfukuza mtu nchi aliyozaliwa kwa sababu ya asili ya babu yake ni kosa lilelile la Bunge la London la 1968. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hapa Uingereza, miaka ile, watu wa Karibi, Waafrika na Waasia walijiita kwa pamoja watu weusi. Lilikuwa jina la siasa, la watu waliopigwa na fimbo moja. Sasa watu wamerudi kwenye makundi madogo madogo, kila kundi na mwezi wake wa kuadhimishwa, fungu lake la ruzuku na kiongozi wake wa kualikwa kwenye chai ya meya. Wapo wanaosema ni maendeleo, kwamba kila mtu amepata sauti yake. Mimi nasema tumepoteza. Mkandarasi wangu hatuchagui kwa kabila. Ukiwa na makaratasi ya uhamiaji ya wasiwasi na Kiingereza cha kubabaisha, unamfaa.

Hata dhana ya ubaguzi wa kitaasisi, yaani ubaguzi uliojengwa ndani ya taratibu za taasisi yenyewe, ina safari inayofaa kufuatwa. Stokely Carmichael na Charles Hamilton waliiweka wazi Marekani mwaka 1967, Carmichael akiwa ametoka kulala jela za kusini kwa kuandikisha weusi kupiga kura. Mwaka 1981, baada ya vijana wa Brixton, kusini mwa London, kupambana na polisi, aliyeteuliwa kuchunguza alikuwa Scarman yuleyule wa Grunwick, na akahitimisha kwamba Uingereza haina ubaguzi wa kitaasisi. Tatizo, kwa maoni yake, ni baadhi ya maofisa. Kama tatizo ni baadhi ya maofisa, dawa ni semina. Ndipo kozi za kuwafundisha watu kujitambua ubaguzi wao zikaenea kwenye halmashauri na vituo vya polisi, na Sivanandan akaziandikia makala kali, akisema zinageuza mapambano ya watu kuwa tiba ya nafsi za Wazungu.

Kilichobadilisha kauli ya serikali ni wazazi wawili. Stephen Lawrence, kijana mweusi, aliuawa kwa kisu na vijana wa Kizungu huko Eltham, London, tarehe 22 Aprili 1993, akisubiri basi, miaka 18. Polisi walivuruga uchunguzi. Doreen na Neville Lawrence hawakukaa kimya miaka sita, wakizungukwa na vikundi vya mtaani ambavyo vilikuwa vimeshajifunza, kesi baada ya kesi, namna ya kuwabana polisi. Februari 1999 ripoti ya Jaji Macpherson ikatamka kwamba polisi wa London wana ubaguzi wa kitaasisi, na mwaka 2000 sheria ikabadilishwa ili taasisi za umma zilazimike kupambana nao. Wazo lililoanzia mashambani Mississippi na Alabama lilisomwa kwa sauti na jaji wa Uingereza kwa sababu mama mmoja wa Kijamaika alikataa kwenda nyumbani.

Baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis, Mei 2020, kozi zimerudi kwa wingi, safari hii za kubonyeza. Simlaumu anayezifundisha. Ninachokataa ni mwajiri kuzihesabu kuwa ndio kazi yenyewe. Mwaka uleule, kilomita chache kutoka hapa, kulikuwa na jambo ambalo lilistahili vichwa vya habari zaidi: wasafishaji, wapishi na wasukuma vitanda wa hospitali ya St Mary's, Paddington, waliogoma mwishoni mwa 2019 na chama chao kidogo cha UVW (United Voices of the World), waliingizwa kwenye ajira ya moja kwa moja ya hospitali, na uamuzi huo ukawafikia wafanyakazi zaidi ya 1,000 wa hospitali tano. Chama hichohicho kilipeleka kesi ya wasafishaji wa bustani za kifalme za London, kikidai kwamba kuwalipa watu wa mkandarasi, walio wengi weusi, chini ya walioajiriwa moja kwa moja ni ubaguzi wa rangi usio wa wazi. Mwaka 2021 baraza la kazi lilikubali. Mahakama za ngazi za juu zikaupindua uamuzi ule. Hata hivyo hoja imeshasemwa mahakamani, na mimi naitumia mezani.

Ndiyo maana kwenye tawi letu tumeanza kusoma pamoja kabla ya kuandika madai. Tunasoma kurasa chache kwa sauti, dada mmoja Mkolombia anatafsiri upande wake, mimi upande wangu, na kila mtu analeta mkataba wake tuuweke mezani tuulinganishe. Kusoma Scarman na Macpherson kumetusaidia kuandika kipengele cha kwanza cha dai la mwaka huu: hospitali itoe takwimu za rangi za walio chini ya mkandarasi na za walio ajiriwa wake, kwa mishahara na kwa malipo ya ugonjwa. Wajibu uliotokana na kilio cha familia ya Lawrence, ambao sasa umo kwenye Sheria ya Usawa ya 2010, unatupa mlango wa kuziomba. Cha pili ni ajira ya moja kwa moja kwa wote, wakiwemo walinzi, hata kama mkandarasi atajaribu kuwatenga. Wanaobeba boksi upande huu wa Brent na wana mikataba kama yetu, waniandikie hapa chini. Mama wa Dar amekubali kuja kuzungumza, na amesema atazungumza Kiswahili.